Mmevunja Kidude, Mmeiacha Mashine

 

Leo sikuja na mapishi, wala sikuja na mitindo ya mitandio. Nimekuja na jambo limenikaa kooni tangu Agosti, na nisipolisema litanipalia. Atakayekasirika namuomba radhi mapema, lakini asome mpaka mwisho kwanza, ndipo akasirike.

Mwezi ule nilikuwa Puge. Najua wengi wenu mtauliza, Puge ndiyo wapi? Ni ukweni kwangu, mkoa wa Tabora, wilaya ya Nzega. Unatoka Unguja kwa boti, unashika treni mpaka Dodoma, kisha basi kupita Singida mpaka Nzega. Ukishafika Nzega, Puge iko kama nusu ya njia ya kwenda Tabora mjini. Kuna vumbi, kuna miembe, kuna michembe ya viazi kwa chai asubuhi, na kuna watu wema sana. Mama mkwe wangu hunipokea kama mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Sasa mimi siendi ukweni mikono mitupu. Nilipita Darajani nikanunua kanga mbili za mama mkwe, tende, halua, na kwa mtoto wa shemeji yangu mwenye miaka 11 nikachukua kidude cha plastiki cha kuchezea. Mnakijua. Kile chenye kioo kidogo cha kijivu na vitufe, matofali yanadondoka kutoka juu nawe unayapanga yasiache tundu. Kinatumia betri mbili ndogo. Hakina intaneti, hakina picha chafu, hakina laini ya simu. Bei yake haifiki kilo mbili za nyama.

Yule mtoto, ambaye huniita mama mdogo, alikipenda mpaka nikaona aibu kwa furaha yake. Siku ya pili alikuwa ameshajua kupanga mistari minne kwa mpigo. Siku ya tatu alikuwa anamfundisha dada yake mdogo, anamwambia, "Usikimbilie, angalia linalokuja baada ya hili."

Siku ya nne alikuja mzee wetu mmoja wa familia, mtu wa ibada na heshima zake, simtaji. Akamkuta mtoto chini ya mwembe na kidude chake. Akakichukua, akakiweka chini, akakikanyaga kwa kisigino. Akasema gemu ni shetani la mkononi, linawaharibu watoto, na sisi wa mjini ndio tunaowaletea. Watu wazima waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa kukubali. Na mimi, dada zangu, nikanyamaza. Mgeni ukweni hajibizani na wazee. Nikainama nikaokota betri.

Baada ya siku tano, mama mkwe akamtuma yule yule mtoto dukani, barabarani, kununua dawa yake ya presha. Alimpa shilingi 6,000. Mtoto hakurudi mpaka magharibi, na aliporudi hakuwa na dawa wala pesa.

Katika duka moja pale barabarani kuna mashine. Wengine huiita dubwi. Ina taa nyekundu na kijani, ina muziki, inakula sarafu za mia mbili. Unatia sarafu, taa zinazunguka, zikisimama pazuri inakutapikia sarafu, zikisimama pabaya imekula. Mtoto alibadilisha noti zake akapata sarafu 30. Mara moja mashine ilimpa 4, mara nyengine ikampa 6. Akazirudisha zote. Sarafu 40 ziliingia tumboni mwa lile dubwi, na bibi yake akalala bila dawa.

Usiku ule mtoto alichapwa. Yule mzee akasema, "Si nilisema? Gemu hizo." Nikajikaza nikamuuliza kwa adabu, "Baba mkubwa, na ile mashine je?" Akanijibu, "Ile ni biashara ya mtu, mama. Ina leseni."

Hapo ndipo kooni paliponikaba.

Kidude kisichomla mtoto hata senti kimekanyagwa hadharani. Mashine iliyomla bibi dawa yake haijaguswa, kwa sababu ina mwenyewe, na mwenyewe hutukopesha sukari. Sisi tunavunja kilicho dhaifu. Kilicho na nguvu tunakisalimia.

Gemu si neno moja

Dada zangu, tatizo letu linaanzia kwenye ulimi. Tunasema "gemu" na tunatia ndani yake kila kitu. Kidude cha matofali ni gemu, mpira wa kwenye televisheni ni gemu, ile ndege ya kwenye simu ambayo vijana wanaiwekea pesa waone itapaa mpaka wapi ni gemu, dubwi ni gemu. Kisha tunalipiga fatwa neno zima, kana kwamba mtu atasema "kinywaji ni haramu" na maji nayo yamo.

Mimi si mwanachuoni na sijifanyi. Lakini kila mmoja wetu aliyekaa chuoni anajua kwamba kilichokatazwa wazi ndani ya Suratul Maida, pamoja na ulevi, ni kamari. Na anajua kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i hawakuweka michezo yote kapu moja. Mchezo wa dadu, unaotegemea bahati, waliukemea kwa ukali. Mchezo wa kufikiri na kuhesabu, kama sataranji, waliuzungumza kwa namna nyengine kabisa, na walioukubali kwa karaha waliweka masharti: usiwe na pesa ndani yake, usimpotezee mtu sala, usimtie kwenye matusi. Waliuliza mchezo unafanya nini, na unamfanya nini mchezaji. Sisi tunauliza tu, una vitufe?

Mtu aliyekitengeneza

Nilirudi Unguja nikiwa na hasira, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua lile "shetani la mkononi" alilianzisha nani.

Alikuwa Mjapani, jina lake Gunpei Yokoi, alizaliwa Kyoto mwaka 1941. Alisomea mambo ya umeme, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Wakati huo Nintendo haikuwa kampuni ya kompyuta. Ilianzishwa mwaka 1889 na ilikuwa ikitengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuangalia mashine za kutengenezea karata zisiharibike. Fundi wa matengenezo, basi.

Kwa kuchoka na kukaa bure, akajitengenezea mkono wa kuchezea, vipande vilivyopishana vinavyorefuka ukivibana na kurudi ukiviachia, wa kushikia vitu vya mbali. Mkuu wa kampuni akamuona nao. Badala ya kumfukuza kwa kucheza kazini, akamwambia aufanye bidhaa. Ukatoka mwaka 1966 na kuuzwa zaidi ya milioni 1. Tafadhali lishikeni hilo. Alikutwa akicheza, na mkubwa wake hakukanyaga.

Miaka ikapita. Inasimuliwa kwamba siku moja ndani ya treni ya kasi alimuona mtu mzima akijipotezea muda kwa kubofya bofya kikokotoo. Akawaza, je, kifaa kidogo kama kile kikiwa mchezo? Mwaka 1980 vikatoka vidude vya mkononi vyenye mchezo na saa pamoja, kwa kutumia vioo na chipu za vikokotoo, ambavyo wakati huo vilikuwa vimeshakuwa rahisi. Mwaka 1982, katika kimoja cha vidude hivyo, kikatoka kitufe chenye umbo la msalaba cha kuendea juu, chini, kushoto na kulia. Ndicho kitufe ambacho mpaka leo, kwa namna moja au nyengine, kimo kwenye vifaa vingi vya michezo duniani.

Na mwaka 1989 yeye na wenzake wakatoa Game Boy. Dada zangu, kifaa kile kilichekwa. Kioo chake hakikuwa na rangi, na chipu yake ilikuwa ya teknolojia ya zamani. Washindani walitoa vya rangi vinavyong'aa. Lakini vile vya rangi vilikula betri 6 kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia betri 4 na ikadumu saa nyingi, iliweza kuanguka na kuinuka, na bei yake ilikuwa chini. Pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Yokoi alikuwa na falsafa yake, nami naieleza kwa maneno yangu. Alisema huhitaji kitu kipya kabisa na cha ghali. Chukua teknolojia ya zamani ambayo watu wameshaichoka, ambayo imeshakuwa rahisi na inajulikana tabia zake zote, kisha itumie kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Mimi niliposoma hivyo nilimkumbuka bibi yangu aliyetushonea mikoba kwa vipande vya kanga kuukuu. Ni akili ile ile. Ni akili ya mtu asiye na kingi ambaye hakubali kukaa bure.

Mchezo wa matofali wenyewe si wake. Uliundwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, unaitwa Tetris. Lakini Amerika na Ulaya Game Boy iliuzwa ikiwa na Tetris ndani ya boksi, na mchezo ule ndio uliowavuta watu ambao hakuna aliyewahi kuwatengenezea mchezo: watu wazima, wazee, na wanawake. Mwaka 1995 Nintendo ya Amerika ilitangaza kwamba asilimia 46 ya wachezaji wa Game Boy walikuwa wanawake. Karibu nusu! Kidude nilichokinunua Darajani ni kijukuu cha vifaa vile, kimenakiliwa mara ngapi sijui, kimefanywa rahisi mpaka kimefika Puge.

Sisemi Yokoi alikuwa malaika. Kampuni aliyoifanyia kazi ilitajirika kwa karata, na karata zile wacheza kamari wa Japani walizitumia sana. Na yeye mwenyewe alikosea. Mwaka 1995 alitoa kifaa cha kuvaa machoni kama darubini, picha zake nyekundu tupu, watu wakalalamika kuumwa na kichwa, kikafa haraka. Mwaka uliofuata aliondoka kwenye kampuni aliyoitumikia miaka 31. Na tarehe 4 Oktoba 1997 aligongwa na gari barabarani, akafa, akiwa na miaka 56.

Lakini tazameni alivyopata riziki yake. Alikuuzia kitu mara moja. Ukishalipa, umemaliza. Kidude hakikuombi tena hata ndururu. Ukishindwa, umeshindwa kwa mkono wako, na ukishinda, umeshinda kwa mkono wako. Betri zikiisha, unaondoka.

Sasa tazameni dubwi. Limepangwa ndani yake, kabla mtoto hajatia sarafu ya kwanza, kwamba baada ya mizunguko mingi litabakiwa na zaidi ya litakachotoa. Lingekuwa halikupangwa hivyo, hakuna ambaye angelinunua akaliweka dukani. Sarafu 4 zilizotoka si zawadi, ni chambo. Mtoto hawezi kujifunza kulishinda, kwa sababu ndani yake hamna cha kujifunza. Anaweza kukaa miaka 10 mbele yake asiwe na ustadi zaidi ya siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo tofauti, na mtu yeyote anayeweza kutofautisha biashara na riba anaweza kuiona.

Njia ya zamani, bidhaa mpya

Kuna jambo jengine, na hili ni letu sisi watu wa visiwani.

Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Wafanyabiashara wa Unguja, Waarabu na Waswahili, walikwenda mpaka kule, na njia za kwenda kaskazini kwenye ziwa zilipita nchi hiyo hiyo ya Wanyamwezi. Vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe mabegani miezi mizima mpaka Bagamoyo. Kutoka pwani kulikwenda shanga, nguo za amerikani na bunduki. Kutoka bara kulikuja pembe za ndovu, na kulikuja watu, wamefungwa. Tusijifiche. Unguja ilinenepa kwa njia ile, na sisi tunaoishi kwenye nyumba za mawe tuna deni na watu wa njia ile.

Basi nilipokuwa nimesimama mbele ya duka lile Puge, nikitazama taa zikizunguka, niliwaza: msafara haujakoma, umebadilisha mzigo tu. Bado vinapelekwa vitu vinavyong'aa, na bado kinachorudi kina thamani kuliko kilichopelekwa. Leo kinachorudi ni sarafu za mia mbili, moja moja, za pamba na mpunga wa watu, na za dawa ya presha.

Ndiyo maana jibu la "ina leseni" haliniingii. Kwanza, sheria yenyewe haisemi hivyo. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Leseni, kama ipo, haimpi mtu ruhusa ya kumlisha mtoto wa miaka 11 kwenye dubwi. Pili, tangu lini Muislamu akaambiwa kwamba chenye leseni ndicho halali? Bia nayo ina leseni.

"Lakini gemu zinapoteza muda"

Nakusikia, dada. Nawe una haki. Nina watoto, najua mwana akishika simu anavyokuwa kiziwi. Michezo mingi ya simu siku hizi imejifunza tabia ya dubwi. Haina mwisho, kila siku inakuita, inakuuzia maisha zaidi, inakufungulia visanduku vya bahati kwa pesa halisi. Hiyo nayo naipinga, tena naipinga kwa kipimo hicho hicho. Mtengenezaji anayepata riziki kwa kumzuia mtoto asinyanyuke si sawa na aliyekuuzia kitu akakuacha.

Wala sisemi mtoto acheze mpaka sala impite au asahau daftari. Kila kitu kina wakati wake, na mzazi ndiye saa. Ninachosema ni kwamba mzazi apambanue. Kukanyaga si malezi. Mtoto aliyenyang'anywa mchezo wa akili bila maelezo hakujifunza kwamba kamari ni mbaya. Alijifunza kwamba wakubwa hawapendi afurahi. Na mtoto aliyejifunza hilo, siku ya tano ataitafuta furaha mahali ambapo hakuna mkubwa wa kumuona, na mahali hapo pana taa nyekundu na kijani.

Tena nawauliza wanaosema mchezo ni wa wavivu: bao je? Kila jioni barazani kwetu wanaume wamelizunguka. Mashimo 32, kete 64, namua kisha mtaji, na mchezaji hodari anaona mizunguko kadhaa mbele kichwani mwake bila karatasi. Wataalamu wamekuja kutoka Ulaya kuandika vitabu juu ya akili za mabingwa wetu wa bao. Hakuna aliyewahi kulikanyaga bao la mzee yeyote. Basi mchezo wa mzee ni hekima na mchezo wa mtoto ni shetani? Na mchezo wa mtoto wa kike ndiyo kabisa, haupo? Niambieni, wangapi kati yenu mlifundishwa bao na baba zenu? Mimi sikufundishwa. Nilipeleka kahawa barazani, nikarudi ndani.

Mama aliyedunduliza

Wapo watakaosema, hayo ya Japani ni ya Japani, sisi huku yatufae nini. Basi acheni nitoe mfano wa jirani.

Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini. Alizaliwa njiani, familia yake ikikimbia vita, na akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, mahali pa kuandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake anataka moja. Mkimbizi, kompyuta! Mama yule alidunduliza kwa miaka 3 mpaka akapata dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, ikabidi kijana atembee saa 3 kwenda kuichaji, na saa 3 kurudi. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo, akauita Salaam. Ndani yake wewe ndiye mkimbizi, unakimbia vita, unatafuta maji na chakula. Alitaka watu wacheze amani badala ya kucheza kuuana. Baadaye alikwenda Marekani, akafungua kampuni yake, na mwaka 2018 tuzo kubwa za michezo ya video, The Game Awards, zikamtambua mbele ya dunia.

Dola 300 kwa mkimbizi, dada zangu. Nani kati yetu angefanya vile? Sisi tuna umeme, tuna intaneti, tuna pesa za kushona nguo za sare kwa kila harusi, na mtoto akisema anataka kujua gemu inatengenezwaje tunamwambia akasome mambo ya maana.

Urithi wa yule fundi wa Kyoto si vile vidude milioni 118. Urithi wake ni kwamba mtu wa kawaida, kwa vitu vya kawaida, anaweza kutengeneza kitu kikafurahisha watu bila kuwaibia. Mama wa Lual Mayen aliyashika hayo bila kuhitaji kumsikia Yokoi. Sisi tunayakanyaga kwa kisigino.

Basi tufanye nini?

Kabla hujavunja, kabla hujanyang'anya, uliza maswali matatu. Je, mchezo huu unachukua pesa ya mtoto kwa bahati? Je, una mwisho, au umetengenezwa ili asiache? Je, mtoto anaweza kunieleza amejifunza nini ndani yake? Ukipata jibu baya kwenye la kwanza, funga mlango bila huruma. Kwenye la pili, weka saa. Kwenye la tatu, kaa naye umsikilize.

Ukiona dubwi linalochezwa na watoto mtaani kwako, usimchape mtoto peke yake. Nenda kwa mwenye duka, mwambie kwa heshima lakini mwambie. Akikataa, nenda serikali ya mtaa au ya kijiji, nendeni wanawake kumi pamoja. Mmoja ataambiwa ana makelele, kumi watapewa viti.

Na mabinti zetu wafundishwe bao, wafundishwe kompyuta, wafundishwe kutengeneza.

Mimi sikwenda kwa mwenye duka. Nakiri. Niliondoka Puge bila kumwambia neno, na hilo linaniuma kuliko kidude kilichovunjwa. Nimemwandikia wifi yangu, na Desemba nikijaaliwa nitakwenda, naye amesema tutakwenda pamoja dukani.

Nimalizie na hili. Asubuhi niliyoondoka, nilimkuta mama mkwe wangu kakaa chini ya ule mwembe, mgonjwa wa presha, ameshanunuliwa dawa nyengine. Alikuwa amechimba vishimo ardhini kwa kijiti, anamuonyesha mjukuu wake mchezo aliokuwa akiucheza yeye akiwa msichana. Kete zao zilikuwa mbegu. Mtoto, mwenye alama za fimbo miguuni bado, alikuwa anatazama vishimo bila kupepesa. Bibi akamwambia, "Usikimbilie. Angalia linalokuja." Mtoto akacheka, kwa sababu lile lilikuwa neno lake mwenyewe.

Allah awahifadhi watoto wetu, atupe macho ya kupambanua, na atupe ujasiri wa kusema na wenye nguvu kama tunavyosema na wanyonge. Amin.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah nitakuja na mapishi.